Gemu la Restuta, na Kaka Aliyekuwa Njiani

Katika ukoo wetu mtu akifa, mimi ndiye mwandishi. Si kwa kipaji. Ni kwa sababu nilifika kidato cha nne na nina stesheneri pale Mtanda, Lindi, yenye mashine ya kutoa kopi. Ndugu zangu wanaamini kwamba mwenye mashine ya kutoa kopi hawezi kushindwa na maneno. Nimesoma historia za marehemu tisa makaburini, kwa ile sauti yangu ya kikatekista, na kila mara watu wamenishika mkono wakisema, "Umeandika vizuri, Lukas." Sikuwahi kuwaambia kwamba kuanzia ya nne aliyekuwa akiziandika ni mdogo wangu Restuta, mimi nilikuwa nikisoma tu.

Ya kumi ilikuwa ya Restuta mwenyewe.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Aliugua siku sita, ya saba Mungu akamchukua. Tulimzika nyumbani Kipatimu, kando ya mama yetu Marietha, siku ya mvua ambayo hata padre alifupisha sala. Baba mdogo Sebastiani, ambaye ndiye mkuu wa ukoo tangu baba afariki, akatangaza kwamba historia ya marehemu itasomwa siku ya arobaini.

"Una siku arobaini, Lukas," akaniambia tukitoka makaburini. "Musa alipewa hizo hizo mlimani akashuka na amri kumi. Wewe tunakuomba ukurasa mmoja."

Restuta alifanya kazi kwangu miaka saba. Alikaa kwenye kompyuta ya dirishani, juu ya kiti chenye mto alioushona mwenyewe, akichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mihtasari ya vikao, na historia za marehemu. Hizo za mwisho ndizo zilikuwa nyingi. Mteja alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, macho bado mekundu, na Restuta alimkalisha na kumuuliza maswali ambayo si ya mpiga chapa. Marehemu alipenda kula nini? Akikasirika alifanyaje? Alikuwa akimwogopa nani? Mteja alisimulia, akacheka, akalia, foleni ya kopi ikafika barabarani, na mimi nikakohoa kule nyuma kama mwenye duka. Mwishoni mteja alifuta uso na kusema, "Hayo usiyaandike, dada. Andika tu alizaliwa, akabatizwa, akaugua."

"Kaka," Restuta aliniambia siku moja, "Lindi nzima imekufa maisha ya mtu mmoja."

Nilimwambia achape, watu wanasubiri.

Nadhani gemu lake lilianzia hapo, ingawa mimi nilikaa mita mbili kutoka kwake na sikuona kitu. Niliona tu kwamba mchana wateja wakipungua anachora kwa kidole kwenye simu, kisha anahamishia kwenye ile kompyuta ndogo aliyoinunua imetumika. Alijifunza kwa video za mtandaoni. Ilimchukua miaka miwili. Alikuwa akirekodi sauti: mchi, kuku, maji yakimiminwa ndooni, kikohozi changu. Krismasi moja tukiwa Kipatimu alinisihi nisiguse bawaba za mlango wa chumba cha mama, eti zinalia vizuri. Mimi nikaona aibu, wageni watasemaje, nikazipaka mafuta ya kupikia. Alininunia siku mbili. Nilimwambia sijawahi kuona mtu akifiwa na kelele za mlango.

Siku aliyoniambia limekwisha, alifurahi mpaka akaacha kujifunika mdomo. Alikuwa na tabia ya kucheka ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kaka, nimemaliza kazi yangu ya sanaa."

"Kinyago?"

"Gemu."

"Restuta, sanaa ni kinyago. Sanaa ni ngoma. Sanaa ni kwaya."

"Kwaya yenu ya sauti nne ambayo wote mnaimba ya kwanza?"

"Gemu lina mshindi," nikamwambia, nikijiona nimempata. "Kwenye sanaa nani anashinda?"

"Kwangu hakuna anayeshinda."

"Basi hata gemu si gemu. Linachukua muda gani?"

"Dakika ishirini."

"Miaka miwili kwa dakika ishirini! Padre mgeni akihubiri dakika ishirini tunasema hakujiandaa."

"Na Injili ya Jumapili inasomwa dakika tatu, Kaka. Hiyo nayo si kitu kwa sababu ni fupi?"

Nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya, na mwenyekiti hashindwi na mpiga chapa wake. Nikasema nitalicheza Jumapili. Kisha nikauliza linahusu nini, akanijibu bila kuniangalia:

"Siku mama alipofariki."

Hapo ndipo nilipoamua kwamba sitalicheza kamwe, Jumapili wala Jumatatu. Niseme sababu, maana bila hiyo yote yanayofuata hayana maana. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, Kipatimu, akiwa na Restuta peke yake kati ya watoto wake. Mimi nilikuwa Lindi. Nilipigiwa simu asubuhi nije haraka, nikafika kesho yake jioni. Nilieleza ukoo mzima kwamba barabara ilikatika kwa mvua. Padre aliwaombea wasafiri wa barabara ile. Baba mdogo Sebastiani aliandika barua wilayani kuilalamikia barabara ile, na mimi ndiye niliyeitoa kopi. Kumbe siku ile barabara ilikuwa inapitika. Mimi nilikuwa kwenye kikao cha kuchagua rangi ya sare ya jubilei ya parokia, na nilikuwa mwenyekiti. Restuta alijua. Hakuwahi kuniumbua, wala mimi sikuwahi kumshukuru.

Sasa Baba mdogo alinipigia simu siku ya kumi baada ya mazishi.

"Kwenye kazi yake uandike mpiga chapa, basi. Nasikia alikuwa na mambo ya magemu. Hilo usiliguse. Watu watadhani ni zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu."

"Sawa, Baba mdogo," nikasema, kwa utii ambao sijawahi kuuonyesha hata kwa askofu.

Nilikata simu nikiwa mwepesi kabisa. Nilikuwa nimeamriwa kunyamaza, na kumtii mkubwa ni fadhila. Nikasali sala ya shukrani. Namwomba msomaji asinicheke peke yake, Mungu naye nadhani alitabasamu, kwa sababu adhabu haikuchelewa.

Siku iliyofuata niliamua kubariki vitu vya marehemu kabla havijagawiwa. Nilichukua maji ya baraka kwenye chupa ya lita moja na tawi la mwarobaini. Nilinyunyiza vitenge, viatu, mto wa kiti. Nilipofika kwenye kompyuta ndogo, nilikumbuka lililomo ndani yake, na mkono ukaongeza. Sitasema nilikusudia. Wala sitasema sikukusudia. Nilinyunyiza kama mtu anayezima moto.

Haikuwaka tena. Nikaipeleka kwa fundi Saad, sokoni, aliyekuwa rafiki wa Restuta. Aliifungua, akaiinamisha, maji yakatiririka juu ya meza.

"Sheikh Lukas," akasema, na hilo la Sheikh hunitania nalo siku zote, "sisi tunatawadha, nyie mnanyunyiza. Lakini hii haikunyunyiziwa. Hii imezamishwa."

"Vilivyomo vitapatikana?"

"Vilivyomo vimekwenda na mwenyewe. Mungu amrehemu." Kisha akaacha utani. "Lile gemu lake lilikuwa humu tu?"

Nikasema sijui. Nilitembea kurudi Mtanda nikijaribu kujisikia vibaya, na kilichoniuma ni kwamba ilinichukua muda. Kwanza nilijisikia salama.

Ilipofika siku ya ishirini nilifungua daftari lake ili nipate tarehe ya kipaimara. Sikuipata. Nilikuta ukurasa wenye majina ya watu waliolicheza gemu, na kila jina lina neno mbele. *Zuwena: kalia, kacheka, kacheza tena, nimemrushia kwenye simu yake. Saad: kaniuliza bunduki ziko wapi, halafu kanyamaza, halafu kampigia mama yake.* Chini kabisa palikuwa na jina langu. *Kaka: Jumapili.* Neno Jumapili lilikuwa limekatwa kwa mstari, likaandikwa tena, likakatwa. Nilihesabu Jumapili tano. Ya mwisho haikuwa imekatwa. Ilikuwa ile aliyoanza kuugua.

Siku hiyo hiyo nilifunga duka na kupanda basi la Kilwa.

Zuwena ni fundi cherehani pale Kilwa Masoko. Restuta alipokuwa sekondari alipanga chumba kwake, wakawa kama ndugu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu, na utani wa kwetu si wa kuchekeana tu. Mtani ana haki ya kukutukana ukiwa hai na kukuigiza ukifa. Siku ya mazishi ya Restuta, katika mvua ile ile, Zuwena alikaa ukingoni mwa kaburi, miguu ndani, akadai haondoki mpaka apewe jogoo, kwa sababu marehemu aliondoka bila kumuaga. Baba mdogo aliahidi jogoo mbele ya padre. Kwenda kumwomba mtani wa namna hiyo kitu ni kwenda kujikabidhi.

"Hodi," nikaita mlangoni.

"Nani?"

"Lukas."

"Lukas yupi? Yule anayebatiza kompyuta?"

Habari ilikuwa imenitangulia, bila shaka kwa simu ya Saad.

"Mtani, nimekuja kwa heshima."

"Heshima mmeiacha huko kwenu milimani Kipatimu. Nasikia siku hizi hamgawi urithi, mnaunywesha. Kaa pale. Usiniguse vitambaa vya watu na hiyo mikono yako ya baraka."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamweleza kwamba naomba anirushie gemu, nilihitaji kuliona kabla sijaandika historia. Zuwena alisimamisha cherehani.

"Nikurushie ukalimwagilie tena? Utalicheza hapa hapa, nakuona. Mungu ni mmoja, atakuwa shahidi wetu sote wawili."

Akaweka simu mapajani mwangu.

Gemu linaanza na mlio wa bawaba. Alikuwa amewahi kuirekodi kabla ya mafuta yangu. Mlango wa chumba cha mama unalia, na unaona ua wetu wa Kipatimu, umechorwa kwa rangi ya udongo na moshi tu, hakuna nyingine. Wewe ni binti wa nyumba. Kuna moto wa kuchochea, uji wa kukoroga, na wageni wanaokuja kumjulia hali mgonjwa. Kila mgeni anapiga hodi. Unabonyeza kumpokea, kumpa kiti, kumpa maji, kumjibu habari za mgonjwa. Na kule ndani mama anaita, "Restuta." Hakuna sauti, ni maandishi tu. Kila unapochelewa, maandishi yanakuja madogo zaidi.

Mara ya kwanza nilikuwa bingwa. Niliwapokea wageni kumi na saba, hakuna aliyekosa kiti. Nilikoroga uji haukuungua. Niligundua kwamba mama ameacha kuita wakati nikimwongezea maji jirani ambaye hata hakuwa na kiu. Wageni wote wakasimama wakasema, "Pole."

"Hongera," Zuwena akasema akitunga uzi kwenye sindano. "Umeandaa msiba mzuri sana."

Mara ya pili niliona simu juu ya meza. Ukiibonyeza inampigia Kaka. Nikaibonyeza.

*Niko njiani, dada. Tunamalizia kikao cha sare.*

Nikabonyeza tena.

*Niko njiani. Katibu anasoma maazimio.*

Tena.

*Niko njiani, nimeshapanda gari.* Na nyuma ya maneno hayo, hii si maandishi, ni sauti kabisa, unasikia watu wa kikao wakipiga makofi.

Nilimpigia Kaka mara kumi na nne. Niliamini kwamba ukimpigia idadi fulani atakuja, maana magemu si ndivyo yalivyo, kuna siri mahali, kuna ufunguo. Mimi mwenyewe, ambaye ndiye Kaka, nilikaa kwenye kigoda cha fundi cherehani, jasho linanitoka, nikijisubiri. Sikuja. Mama akafa huku simu iko sikioni.

"Hili gemu lina kasoro," nikasema. "Kaka haji hata umfanyeje."

Zuwena akaniangalia muda mrefu juu ya miwani. Hakunitania. Hilo ndilo lililonitisha.

"Ingia kwa mama yako," akasema.

"Nibonyeze nini?"

"Ingia, kisha usibonyeze kitu."

Inaonekana rahisi. Niliingia, nikakaa kitandani kwa mama, na hodi ikapigwa, na kidole changu kikaenda chenyewe kumpokea mgeni. Nikaanza upya. Hodi tena, kidole tena. Miaka yangu yote ya uenyekiti ilikuwa kwenye kidole kile. Mara ya tatu nilikikalia kiganja, nikakaa hivyo, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mkono chini ya paja kama mtoto wa chekechea. Hodi ikapigwa. Ikapigwa tena. Mgeni akasema, *Watu wa nyumba hii hawana adabu*, akaondoka. Mama hakuita. Mwanga wa dirishani ulihama ukutani taratibu, ukafika miguuni pa kitanda. Hakuna neno. Gemu likaisha.

Nimeshangilia ngoma, nimeimba kwaya, nimesimama mbele ya vinyago nikitikisa kichwa kama mjuzi. Vyote hivyo viliniacha nilivyokuwa, mtazamaji, naweza kusema kizuri au kibaya nikaenda zangu. Restuta alinipa kazi ya kufanya, nikaifanya vibaya kwa mkono wangu mwenyewe, tena mara kadhaa, tena nikijisifu. Kama angeniandikia barua kuniambia nilikosea, ningemjibu kwa aya tatu na mstari wa Biblia. Kidole changu ningekijibu nini?

"Sasa," Zuwena akasema, "ni sanaa au si sanaa?"

"Ninyamazie, Mtani."

"Nimenyamaza. Lia basi. Lakini makamasi futia kipande kile cha kanga, hiki ni cha mteja."

Nilirudi Lindi nikaandika ukurasa mmoja. Niliuandika mwenyewe, na kwa mara ya kwanza niligundua kuwa kazi hiyo ni ngumu. Nilipofika kwenye kazi ya marehemu, niliandika mpiga chapa, nikaweka nukta. Niliiondoa nukta. Nikaandika: na msanii. Nikaifuta. Nikiliandika neno hilo, watu watauliza sanaa gani. Nikijibu, watataka kuliona gemu. Wakiliona, watajua barabara haikukatika. Nisipoliandika, nitakuwa nimemzika mara mbili, na ya pili kwa mkono wangu. Siku tatu niliandika na kufuta. Siku ya kuondoka kwenda Kipatimu nililiacha neno, nikachapa nakala thelathini haraka kabla roho haijarudi nyuma.

Arobaini ilianza kwa Misa asubuhi. Baada ya Misa tukakaa uani, Wakristo na Waislamu wa kijiji pamoja, na watani wakafanya kazi yao. Zuwena alitokea jikoni amevaa kitenge cha Restuta, na miwani isiyo na vioo, amekumbatia ubao wa kukatia mboga. Akaketi katikati ya watu akaanza kuuchapa ule ubao kwa vidole kumi.

"Mama, marehemu alikuwa akimwogopa nani?" akamuuliza shangazi Brigita, kwa sauti ile ile ya Restuta, kisha akacheka ameziba mdomo kwa kiganja. Watu wakacheka mpaka wakalia. Hivyo ndivyo tunavyoaga.

Kisha nikaitwa. Nikasimama, nikasoma alikozaliwa, alikobatizwa, shule alizosoma. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Nikafika.

"Kazi. Marehemu alikuwa mpiga chapa na msanii. Alitengeneza gemu moja, la dakika ishirini..."

"Simama hapo," Baba mdogo Sebastiani akasema.

Nikasimama, ingawa nilikuwa nimesimama.

"Tuliongea nini mimi na wewe?"

"Tuliongea, Baba mdogo. Lakini ni kweli."

"Msanii ni mtu wa ngoma. Ni mchongaji. Hilo gemu linachongwa? Linaimbwa? Mtoto wetu alikuwa na kazi ya heshima, unamwandikia mchezo!"

"Baba mdogo, umelicheza?" Zuwena akauliza, bado na miwani yake.

"Mimi mzee nicheze gemu?"

"Basi usiseme chumvi imezidi na hujaonja mchuzi."

Watu wakacheka, na mtani hakatazwi. Akampa simu. Baba mdogo aliipokea kama mtu anayepokea kifaranga. Herufi hazioni vizuri, kwa hiyo Zuwena alimsomea kwa sauti, na watu wakasogeza viti. Bawaba ikalia. Shangazi Brigita akashika kifua.

"Huo mlango wa Marietha!"

Baba mdogo alipokea wageni kwa adabu zote. Mama akaita, na Zuwena akasoma "Restuta" kwa sauti, kisha kwa sauti ndogo, kisha kwa kunong'ona.

"Ingia kwa shemeji yako, Sebastiani!" shangazi akapiga kelele.

"Na wageni niwaache mlangoni kama mbuzi?"

"Mgonjwa anakuita, wewe unagawa viti!"

"Mgeni ni mgeni, Brigita!"

Uwanja ukagawanyika. Wazee wa kiume walisema mgeni haachwi, akina mama walisema mgeni mwenye akili angeingia jikoni mwenyewe. Walisahau kabisa kwamba lile ni gemu. Nilisimama na karatasi yangu, hakuna aliyenitazama, na nilitamani iendelee hivyo mpaka jua lizame.

"Subirini," Baba mdogo akasema. "Kuna simu hapa. Tumpigie Lukas. Yeye ndiye mwanamume wa nyumba."

Akabonyeza. Zuwena alisoma, taratibu, bila kuniangalia:

"Niko njiani, dada. Tunamalizia kikao cha sare."

Baba mdogo akabonyeza tena, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango. Katibu akasoma maazimio. Akabonyeza tena, na makofi ya kikao yakasikika uani kwetu, mbele ya watu wote, hatua chache kutoka chumba alichofia mama.

Akainua kichwa.

"Si ulituambia barabara ilikatika?"

"Ilikatika, Baba mdogo," nikasema. "Ilikatika siku niliyofika mimi, nikiwa nimeshapita. Siku aliyofariki mama ilikuwa nzima."

Hakuna aliyenisaidia. Hata Zuwena. Niliona kwamba nina njia mbili, kukaa chini au kumaliza sentensi. Nikasoma tena kutoka kwenye kazi, na yale ambayo hayakuwemo nikayaongeza kwa mdomo.

"Marehemu alikuwa mpiga chapa na msanii. Alitengeneza gemu moja, la dakika ishirini, kuhusu siku mama yetu alipofariki. Humo ndani kuna kaka ambaye hakuja. Kaka huyo ni mimi. Aliniomba nilicheze Jumapili tano, nikakataa, nikamwambia si sanaa. Nimelicheza akiwa amekwishazikwa. Ni sanaa. Nilikuwa naogopa."

Baba mdogo alikaa na simu mapajani. Aliifunika kwa kiganja, kama anayeikinga na vumbi. Nilijua sasa nitatukanwa, na nilikuwa tayari, hata nilikuwa na hamu.

"Hizo sare," akasema mwishowe. "Mlichagua rangi gani?"

"Hatukuafikiana, Baba mdogo. Tuliahirisha kikao."

Akanitazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa sekunde kadhaa hakuna aliyejua ni kicheko au ni kilio, nadhani hata yeye. Kisha Zuwena akapiga yowe la kicheko akaanguka chini na kitenge cha Restuta, shangazi Brigita akamfuata, na uwanja mzima ukanicheka, wageni kwa wenyeji, kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu kwenye arobaini ya mtu. Nami nikacheka nao, nikilia. Walipochoka, Baba mdogo aliashiria kwa kidole niendelee kusoma. Kisha akainama juu ya simu, akamwambia Zuwena amwanzishie upya, na safari hii asimsomee hodi za wageni.